UZI: Shergar, farasi wa Aga Khan aliyeshinda Derby akiwa peke yake, akapelekwa kuzalisha, akazalisha msimu mmoja tu

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kila likitajwa jina la Shergar humu watu wanajua kitu kimoja, "si yule farasi aliyetekwa na IRA", lile kundi la silaha la Ireland, basi wamemaliza. Naona huyu mnyama anaonewa. Kabla hajatekwa alikuwa na miezi mitatu ya mwaka 1981 ambayo mpaka leo wazee wa mbio wakiikumbuka wanatikisa kichwa, halafu akapelekwa kuwa dume la mbegu, na hapo ndipo palipo na stori yenyewe maana bila kuelewa ile biashara ya mbegu huwezi kuelewa kwa nini walimfuata yeye na kwa nini waliambulia patupu. Kwa hiyo naanza uwanjani, halafu shambani, ya bunduki yatafuata yenyewe.

Kwanza mwenye mali. Alikuwa Aga Khan wa nne, ndiyo huyo huyo wa hospitali pale Upanga na Parklands. Wapo wanaoshangaa kiongozi wa dini anafuga farasi wa mbio, ila ile familia iko kwenye mchezo huu toka enzi za babu yake, yule aliyepimwa kwa almasi Dar mwaka 1946. Babu alishinda Derby ya Epsom mara tano: Blenheim 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936, My Love 1948 na Tulyar 1952. Mzee alipofariki 1957 uimamu ukamruka mtoto wake Aly Khan ukaenda kwa mjukuu, kijana wa miaka 20 aliyekulia Nairobi wakati wa vita kuu ya pili. Sherehe ya kwanza ya kumsimika ikafanyika Dar, Oktoba 1957. Farasi walibaki kwa baba, lakini Aly Khan akafa kwa ajali ya gari Paris mwaka 1960, na kijana akajikuta na mashamba ya farasi Ireland na Ufaransa ambayo hakuwa amejipanga nayo hata kidogo. Angeweza kuuza. Hakuuza, akaanza kujifunza koo za farasi kama mtu anayesomea shahada.

Shergar alizaliwa Machi 1978 kwenye shamba lake la Sheshoon, Curragh, kaunti ya Kildare huko Ireland. Baba Great Nephew, mama Sharmeen. Rangi ya kahawia, baka jeupe limeshuka katikati ya uso, miguu yote minne kama kavaa soksi nyeupe. Na alikuwa na kituko chake, akikimbia ulimi unaning'inia nje pembeni kama mbwa wa mchana wa jua kali.

Naendelea, msiniharakishe.

Kibonge wa Kinondoni

Nimeweka mkeka kabisa. Dabi bila Simba na Yanga ndiyo leo naisoma 😂

Mama Tunu

Kaka Mkwaju endelea, ila tafadhali tufafanulie hizo mbio zenyewe. Farasi anakimbia umbali gani, na kwa nini wanasema "klasiki"? Wengine tumewaona kwenye TV tu.

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Dada Mama Tunu swali zuri, na niliruka makusudi nikijua mtauliza.

Uingereza kuna mbio tano wanaziita klasiki, za farasi wa miaka mitatu tu. 2000 Guineas na 1000 Guineas ni za mita kama 1,600 pale Newmarket, Oaks na Derby ni kama mita 2,400 pale Epsom, halafu St Leger ya Doncaster inafunga msimu na ndiyo ndefu, ni kama mita 2,900. 1000 Guineas na Oaks ni za majike peke yao. Sasa uzito uko kwenye huo umri, farasi anafika miaka mitatu mara moja tu maishani, ukikosa Derby umekosa, hakuna cha kusema mwakani nitajaribu tena. Ndiyo maana Derby moja inaweza kubadilisha bei ya mnyama kwa dakika mbili na nusu.

Shergar alipelekwa kwa Michael Stoute pale Newmarket, mzaliwa wa Barbados, baba yake alikuwa mkuu wa polisi huko kwao, wakati ule bado kocha kijana anayetafuta Derby yake ya kwanza. Mwaka 1980 akiwa na miaka miwili farasi alikimbia mara mbili tu. Ya kwanza Newbury akashinda, Lester Piggott mgongoni. Ya pili Doncaster akawa wa pili nyuma ya Beldale Flutter. Ukimwangalia pale unasema mzuri, lakini wazuri wapo wengi.

Kipupwe kikapita. Aprili 1981, Sandown, mbio za kujipimia kabla ya Derby. Anapandwa na dogo anaitwa Walter Swinburn, miaka 19, sura ya kitoto kabisa. Wakashinda kwa mwanya wa urefu wa farasi 10. Watu wakadhani labda wapinzani walikuwa wabovu. Mei wakaenda Chester, kiuwanja cha duara kinachobana kama sahani, wakashinda kwa 12! Hapo hata mwenye kiburi akaanza kuhesabu upya hela zake.

Niwaambie hiyo namba maana yake nini. Mbio kubwa nyingi zinaamuliwa kwa kichwa, kwa shingo, kwa nusu urefu. Ukishinda kwa urefu wa farasi watatu magazeti yanasema umetawala. Huyu anashinda kwa 10 na 12 mfululizo.

Juni 3 ndiyo Derby yenyewe. Epsom ni uwanja wa ajabu, sijui nani aliupenda, unaanza kwa kupanda mlima, unapinda, halafu unateremka kwa kasi mpaka kona inaitwa Tattenham, ukitoka hapo umenyooka lakini ardhi imelalia upande mmoja inamvuta farasi kwenye uzio. Farasi wengi wenye nguvu wanafia kwenye ule mteremko, hawajui waweke wapi miguu. Shergar aliteremka akiwa katulia. Kutoka kwenye kona Swinburn hakuwa na la kufanya zaidi ya kumwachia, na mnyama akaondoka. Wengine 17 wakawa wanagombea nafasi ya pili. Mtangazaji wa redio wa BBC, Peter Bromley, akawaambia wasikilizaji unahitaji darubini kuwaona waliobaki. Na joki (mpanda farasi) wa Glint of Gold, farasi aliyemaliza wa pili, John Matthias, alisimulia kwamba alipochomoka mbele ya kundi alijua ndoto ya maisha yake imetimia, halafu ndipo akaona kuna farasi mwingine kule mbeeele.

Mwanya ulikuwa 10. Hakuna Derby nyingine karne nzima ya ishirini iliyoshindwa kwa mwanya mkubwa kama huo, na dogo alikuwa kaanza kumtuliza kabla ya mstari! Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema stori ya Shergar ni utekaji. Nenda tafuta ile video, iangalie hata bila sauti. Farasi hatumii nguvu, anatembea tu na ulimi wake nje huku wenzake wanapigwa fimbo.

Mchokonozi

Sawa mkuu ila mimi nauliza, wapinzani wa mwaka ule walikuwa na ubora gani? Hata timu ya mtaani ikicheza na watoto wa chekechea inashinda 10.

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Mzee Mchokonozi najua ulikuwa unanisubiri. Huyo Glint of Gold aliyeachwa kwa 10 alikuwa tayari kashinda Derby ya Italia. Halafu Shergar akaenda Curragh kushinda Derby ya Ireland mwisho wa Juni, safari hii na Piggott maana Swinburn alikuwa kafungiwa, akashinda kwa urefu wa farasi wanne akiwa anavutwa hatamu. Wa pili alikuwa Cut Above, likumbukeni jina hilo. Julai akaenda Ascot kwenye mbio za King George, pale sasa unakutana na wakubwa zako, farasi wa miaka minne na zaidi, akashinda kwa wanne tena. Sasa chekechea wako wapi?

Ila nitakupa nafasi yako ya kucheka. Septemba wakampeleka St Leger. Watu walitegemea aende akajipumzishie tu halafu Oktoba apande ndege kwenda kwenye mbio kubwa za Arc de Triomphe Paris. Walipofika sehemu ya kunyooka Swinburn akamwomba, hakuna kitu. Akamwomba tena, hakuna. Akamaliza wa nne. Na nani kashinda? Cut Above! Yule yule aliyekula vumbi Curragh, odzi zake 28 kwa 1. Wa pili Glint of Gold. Yaani wale wawili aliowaburuza walimpita siku moja.

Maelezo yametolewa mengi, mbio zilikuwa ndefu mno kwake, alikuwa kachoka toka Aprili, mazoezini alishaanza kununa. Mimi naegemea kwenye kuchoka. Ukiangalia alivyokimbia si kwamba alikosa pumzi mita za mwisho, aligoma mapema, na mnyama wa aina ile akigoma mapema jua kichwa kimesema imetosha. Paris hakwenda. Akastaafu na mbio 8, ushindi 6.

Wa Ngong Road

Niaje watu wa TZ. Hii story iko sawa sana. Sisi huku Nairobi tuko na racecourse Ngong tangu 1954, Kenya Derby iko, Jumapili unapeleka watoto wanaangalia farasi na wewe unaweka mia mbili zako unapoteza na roho safi. Lakini mtu aniambie, farasi kama huyo ameshinda karibu kila kitu na ako na miaka tatu tu, mbona wanamstaafisha? Si aendelee kushinda mbio?

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Karibu ndugu yangu wa Ngong. Umegusa penyewe hapo.

Hela ya mbio ni ndogo. Shergar kwa maisha yake yote uwanjani aliingiza pauni laki nne na ushee hivi. Ni hela, lakini shikilia hiyo namba.

Mwaka huo huo wa 1981 Aga Khan akamgawa kwenye hisa 40, kila hisa pauni 250,000. Piga hesabu, ni pauni milioni 10. Wamarekani walikuwa wanamtaka na dola zao za kutisha, akakataa, akasema farasi anabaki Ireland. Akabakiza hisa 6, akauza 34 kwa watu wa nchi mbalimbali, matajiri wenye mashamba yao na majike yao.

Mwenye hisa anapata nini? Kila mwaka ana haki ya kupeleka jike mmoja kupandishwa. Ukiwa huna jike unauza hiyo nafasi, na ada ya Shergar inatajwa kati ya pauni 50,000 na 80,000 kwa jike mmoja. Kwa hiyo ndani ya misimu minne au mitano hisa yako imerudi, na dume mwenye afya anazalisha miaka 15 hata 20. Hapo bado hujauza hao watoto. Sasa ukiambiwa umrudishe uwanjani mwaka wa nne avunjike mguu kwa ajili ya kombe na laki moja, wewe ungekubali?

Oktoba 1981 alirudi nyumbani, shamba linaitwa Ballymany, nje kidogo ya mji wa Newbridge. Mji mzima ulitoka, bendi inapiga, wanafunzi barabarani, farasi anapitishwa barabara kuu kama mbunge aliyeshinda uchaguzi.

Daktari wa Ng'ombe

Naomba nichangie hapa maana ni fani yangu japo mimi nashughulika zaidi na ng'ombe. Wengi mtajiuliza kwa nini hawakuvuna mbegu zake wakazigandisha, kama tunavyofanya Usa River kule Arusha kwa madume ya ng'ombe, dume moja linazalisha maelfu hata likiwa limeshakufa. Kwa farasi hawa wa mbio ni marufuku. Mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji haandikishwi kwenye daftari la ukoo, na asiyeandikishwa hakimbii. Lazima dume na jike wakutane ana kwa ana, na mashahidi wapo. Kitaalamu inawezekana kabisa, ila kibiashara wameamua isiwezekane, maana mbegu ikiwa nyingi bei inaporomoka.

Na hilo tendo lenyewe si la kimahaba kama mnavyofikiria. Wanaanza na dume la kujaribia, farasi wa bei ya chini kabisa, analetwa amnuse jike waone kama yuko tayari. Jike akiwa mkali mateke anakula yule maskini. Akionesha utayari, maskini anaondolewa, analetwa tajiri. Jike anafungwa bandeji mkiani na kuvalishwa viatu laini miguu ya nyuma ili akirusha teke asimvunje mwenye mamilioni. Wahudumu wanne au watano wamezunguka. Dakika chache kwisha, mkataba umetekelezwa.

Jambo lingine, mimba ya farasi ni miezi 11, na kule kaskazini farasi wote wa mbio wanahesabiwa wametimiza mwaka Januari mosi hata kama wamezaliwa Mei. Kwa hiyo kila mfugaji anataka mtoto azaliwe mwanzoni mwa mwaka, na msimu wa kupandisha unafunguliwa katikati ya Februari. Majike kwa asili yao wanasubiri siku ziwe ndefu, kwa hiyo wanawashiwa taa mabandani wakati wa baridi wadanganyike kuwa kiangazi kimefika.

Kibonge wa Kinondoni

Huyo farasi wa kujaribia nimemuelewa sana. Nina rafiki yangu maisha yake yako hivyo hivyo 😭😭

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Daktari ubarikiwe, umenirahisishia. Shikeni hiyo katikati ya Februari.

Msimu wa kwanza, 1982, ulikwenda vizuri, watoto thelathini na kitu. Msimu wa pili alikuwa kashapangiwa majike zaidi ya 50. Sasa tarehe 8 Februari 1983, Jumanne, wiki moja kabla kazi haijaanza, saa mbili na nusu usiku hivi, kukagongwa nyumbani kwa Jim Fitzgerald, mkuu wa wahudumu wa Ballymany, mtu aliyefanya kazi na farasi wa familia ile maisha yake yote. Akafungua mtoto wake. Wanaume wamefunika nyuso, wana bunduki. Familia ikawekwa chini ya ulinzi, mzee akalazimishwa kwenda bandani na kumpakia mwenyewe farasi kwenye trela, maana farasi dume wa aina ile hamfuati mtu asiyemjua. Shergar akaondoka njia yake, Fitzgerald akapakiwa gari lingine, wakamzungusha masaa, wakamshusha njiani usiku na neno la siri la kutumia kwenye mazungumzo: King Neptune. Na onyo, ukiwaambia polisi utakufa wewe na familia yako.

Kilichofuata ni vichekesho vya huzuni. Fitzgerald akampigia meneja wa shamba, meneja akahangaika kumtafuta Aga Khan huko Uswisi, simu ikapigwa kwa huyu na huyu, polisi wanakuja kupewa taarifa alfajiri, masaa karibu nane yamepita. Na wiki ile ile kulikuwa na mnada mkubwa wa farasi pale Goffs, barabara za Kildare zimejaa trela za farasi. Trela moja zaidi nani ataitilia shaka? Hao jamaa kwenye kupanga usiku ule walijipanga, nakubali.

Waliposhindwa ni kwenye kujua wanamteka nani kutoka kwa nani. Wakadai pauni milioni 2. Vichwani mwao farasi ni wa Aga Khan, tajiri, hela ipo, atalipa kimya kimya mambo yaishe. Kumbe farasi ana wenyewe 35! Yule mnayemuona gazetini ana hisa 6 kati ya 40. Ili pauni moja itoke inabidi watu wa mabara tofauti wakubaliane, na wengi wao walikuwa na majike na madume mengine ya mamilioni yamelala kwenye mabanda yasiyo na hata mlinzi. Wakilipa huyu, kesho anabebwa mwingine. Kwa hiyo msimamo ukawa kuomba ushahidi kwamba yuko hai na kuvuta muda. Watekaji wakaacha picha za kichwa cha farasi na gazeti hotelini. Upande wa pili ukasema haitoshi. Siku ya nne wakapiga simu ya mwisho, hawakusikika tena.

Polisi nao mnajua. Msimamizi alikuwa James Murphy, mzee wa kofia ya kizamani, anawaambia waandishi wazi wazi kwamba fununu hana. Siku moja wapiga picha wakaja wote wamevaa kofia kama yake. Kuna wapiga ramli waliojitokeza pia kusema wameota farasi yuko wapi. Kama huku kwetu tu.

Mchokonozi

Na IRA wenyewe walisema nini? Maana hapa tunawahukumu.

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

IRA hawajawahi kukiri. Anayetegemewa zaidi ni Sean O'Callaghan, alikuwa mwanachama wao mkubwa na huku anatoa siri kwa polisi wa Ireland. Yeye alisema ndiyo, ni wao, walihitaji hela za silaha, na kwamba farasi alipata kiwewe hawakuweza kumtuliza, wakamuua ndani ya siku chache. Yaani wakati bado wanajadiliana bei inawezekana kabisa walikuwa wanauza maiti. Mzoga haujapatikana mpaka leo.

Na hilo la mzoga liliumiza watu upande wa bima. Waliokatia bima ya kuibiwa walilipwa. Waliokatia ya kifo peke yake wakaambiwa leteni ushahidi kwamba kafa, na alikufa lini, maana kama kafa baada ya bima kuisha hatuhusiki. Ushahidi wautoe wapi? Hisa ya robo milioni ikawa karatasi.

Mama Tunu

Mimi roho imeniuma kwa huyo mzee Fitzgerald. Kumpakia kwa mikono yake mwenyewe. Na hao watoto thelathini je, walifanana na baba?

Wa Ngong Road

Na yule Aga Khan, alitoka kwa hii maneno ya farasi ama alivumilia?

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Dada, ndipo panapouma hapo kwa mtu anayependa koo. Msimu mmoja ni mdogo sana kumpima dume. Madume mengi mazuri yanaonekana msimu wa tatu wa nne, wafugaji wakishajua majike ya aina gani yanaendana nayo. Huyu alipewa nafasi moja tu na bado watoto hawakumuangusha. Authaal aliuzwa mnadani Ireland akiwa bado hajakimbia hata mara moja kwa zaidi ya guinea milioni 3 (guinea ni kipimo cha bei cha minada ya farasi, pauni moja na ushee kidogo), akaenda kushinda St Leger ya Ireland mwaka 1986. Ndiyo, St Leger, aina ile ile ya mbio iliyomshinda baba! Binti yake Maysoon akawa wa pili kwenye 1000 Guineas mwaka huo huo na wa tatu Oaks, kwa Stoute yule yule. Hakutokea Shergar mwingine, na sisemi angetokea, madume mengi makali uwanjani yanazaa wa kawaida. Ila hakuna aliyepewa muda wa kujua, na madume aliyoacha ni machache mno kuubeba ukoo.

Mkuu wa Ngong, Aga Khan hakutoka. 1986 hiyo hiyo akashinda Derby tena na Shahrastani, kocha Stoute, joki Swinburn, timu ile ile. 1988 Kahyasi. 2000 Sinndar, huyu akabeba Derby ya Epsom, ya Ireland na Arc ndani ya mwaka mmoja. 2008 akaja jike Zarkava, mbio 7 ushindi 7, akamaliza na Arc. 2016 Harzand. Hesabu ya ushindi wa Derby kwake ikafika tano, sawa na babu. Na dume linalolala kwenye shamba lake la Gilltown mpaka miaka hii, Sea The Stars, ndiye baba yake Harzand. Mzee mwenyewe alifariki Februari 2025 Lisbon, Swinburn alitangulia 2016, Stoute kastaafu kufundisha mwisho wa 2024.

Mchokonozi

Bado nina moja. Tajiri wa kiwango kile kwa nini asilipe mwenyewe hiyo milioni 2? Farasi ana thamani ya 10. Hata mtoto mdogo anajua hiyo ni faida.

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Faida kwa nani mkuu? Sehemu yake ni hisa 6, yaani milioni moja na nusu. Alipe 2 kuokoa moja na nusu, halafu wale 34 wafaidike bure, halafu mwezi ujao wamfuate dume lake jingine kwa kuwa wameshajua analipa. Na hapo unalipa kundi lenye silaha ndani ya nchi ambayo serikali yake haitaki kusikia habari hizo. Mimi nisingelipa.

Mchokonozi

Hapo kidogo umenishika. Kidogo.

Daktari wa Ng'ombe

Tena ongezea, hata angerudishwa, farasi aliyekaa siku kadhaa na watu wasiojua hata kumlisha angeweza kurudi na mchango wa tumbo au mguu umeharibika. Farasi hatapiki, akila vibaya tumbo linamuua ndani ya siku moja. Wangekuwa wanalipia mnyama asiyeweza kupanda.

Kibonge wa Kinondoni

Uzi mtamu. Mkwaju sasa tuletee huyo Zarkava, jike asiyefungwa. Mambo ya madume tumeshiba.

Mkwaju Mbichi (mleta uzi)

Zarkava anakuja, ila ukoo wake unarudi kwa bibi mmoja wa miaka ya 1920 anaitwa Mumtaz Mahal, alinunuliwa na babu yake Aga Khan, na yule bibi ni uzi wake peke yake. Nitaanza na yeye Jumamosi. Mchokonozi usikose.